Dunnage: neno lililoniweka roho juu mbele ya kontena la korosho

Salaam wakuu. Hili limenitokea mimi mwenyewe hapa Mtwara, sijatia chumvi.

Niliishia form four. Kiingereza nimejifundisha kwa simu, na nikikosea kitu kidogo tu silali. Nikapata kazi ya majaribio kwenye ghala la korosho, Mtawanya.

Ijumaa moja bosi, tunamwita Madam, akatuma meseji kutoka bandarini: "Confirm dunnage, then load."

Dunnage? Sijawahi kuliona.

Kuuliza nikaogopa. Si kwenye usaili nilijisifu Kiingereza hakinisumbui?

Nikafungua kamusi mtandaoni. Inazunguka tu.

Makuli walitaka kumaliza kabla ya swala. Kiongozi wao, Chilumba, akaniita: "Msomi, tupakie au tukae tukutazame?"

Nikasema pakieni.

Magunia yakaingia kontenani, chini chuma kitupu. Upande wa Kilambo wingu limefunga.

Ndipo ukurasa ukafunguka. Dunnage: mbao, mikeka au chochote kinachotandikwa chini ya mzigo usipate unyevu.

Kontena likiwa baharini chuma hutoa jasho, na korosho ikilowa huota ukungu. Mle zimo za mjomba wangu, jasho la msimu mzima.

(Na nyumbani gunia la makopa ya muhogo haliwekwi chini bila kutanguliza miti. Kitu nakijua tangu mdogo!)

Mstari uliofuata ndio ulionimaliza. Asili ya neno: haijulikani. Wengine wanahisi ni Kiholanzi, hawana uhakika.

Wakuu, watu wa kamusi, na usomi wao wote, wameandika hawajui. Mchana kweupe.

Mimi nimeshindwa kumwambia mtu mmoja.

Nikapiga. "Shikamoo Madam. Dunnage sikuijua. Tumeshapakia nusu, chini hatujatandika."

Nikajua kazi imekwenda.

"Shusha yote. Tandika mbao na makaratasi. Na wewe ubebe."

Chilumba akafyonya. "Haya msomi, lete mgongo!"

Mvua ilidondoka tukifunga mlango. Makuli wakakimbilia msikitini wananing'ong'a.

Jumatatu Madam akatuma meseji yenye neno jingine geni. Nikajibu hapohapo: "Hilo silijui, Madam."

Akanieleza kwa mstari mmoja. Basi. Kazini bado nipo.

Nilichojifunza: "sijui" ya mapema ni nyepesi kuliko gunia.

Nani mwingine amewahi kujifanya anajua? Mwageni hapa, siwacheki. Mgongo wenyewe bado unauma.