Njumu Ngumu za Namba Tisa

Mdogo wangu alikuwa na mguu. Watu wa Kwaluguru walisema hivyo tu, "yule ana mguu," nami nikajua wanamaanisha kwamba mimi sina. Tulizaliwa baba mmoja, mama mmoja, yeye akinifuata. Kijiji chetu kipya cha ujamaa kilikuwa na timu moja, na timu ilikuwa na namba tisa mmoja. Namba hiyo ilikuwa yangu, na nilikuwa naiona inavyoniponyoka.

Baada ya mavuno baba alitupeleka Korogwe kwa fundi viatu. Fundi alikuwa na jozi mbili za njumu za saizi yetu. Alizikunja mikononi, moja ikakubali, nyingine ikagoma. Akauliza nani kati yetu hupiga mashuti ya mbali.

"Huyu," baba akasema, akimwonyesha mdogo wangu.

"Basi ngumu ni zake. Hizi zinataka mguu wenye nguvu, la sivyo kiatu ndicho kinachokuvaa wewe. Wewe kaka mtu chukua hizi laini."

Laini! Angesema nyepesi ningemsamehe. Kwetu mkubwa huchagua kwanza, na mdogo hasemi neno. Nikanyoosha mkono nikachukua ngumu. Baba alikohoa tu. Mdogo wangu akasema, "Sawa, kaka," na upole wake ukaniudhi kuliko kama angenitukana.

Jumamosi tulicheza Chanika, yeye akiwa winga. Kufikia mapumziko visigino vyangu vilikuwa vimechubuka, na kila mpira niliopewa ulinipita. Mwalimu wa timu akanitoa. Kisha, mbele ya wote, akaniambia nimwachie mdogo wangu njumu zangu, yeye ahamie namba tisa.

Mdogo wangu akapiga goti, akanifungulia kamba mwenyewe. "Pole, kaka."

Nilimwomba Mungu amnyime bao. Nasema kweli, niliomba. Akafunga mawili, la pili kutoka mbali, kipa hakuinua hata mkono. Nikapiga makofi kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Tuliporudi nyumbani alizifuta vumbi, akaniletea. "Kaka, njumu zako." Akasimama kidogo mlangoni. Nilijua anangoja nini, na neno moja, "Chukua," lingetosha. Nikazipokea. Zilikaa uvunguni mwa kitanda changu mpaka ngozi ikapasuka, na mpaka leo hajaniuliza.