Fundi Miwani Ajinunulia Fimbo ya Kuvulia

Fundi miwani wa mtaa ule alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mwenye maneno mengi, na mwenye imani moja isiyotikisika: kwamba watu hawajui kuchagua vitu. Kwa miaka ishirini na mitatu alikaa nyuma ya meza yake, chini ya taa ya shingo ndefu, akiwatazama wateja wakiingia na kwenda moja kwa moja kwenye fremu nyekundu. Aliwaambia kwamba fremu hiyo ni nzito, kwamba pua yao ni nyembamba, kwamba itawateremkia mpaka mdomoni. Hawakusikia. Walijitazama kwenye kioo, wakageuza shingo kulia na kushoto, wakaichukua, na baada ya wiki mbili wakarudi na vidonda nyuma ya masikio. Aliwapokea kwa upole, lakini moyoni aliwacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kwa hiyo yaliyompata yalimstahili, na wa kwanza kusema hivyo ni yeye mwenyewe.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wiki nzima alisikia ving'ora, vilio na sauti ya redio ikimwita. Jumamosi asubuhi alichukua fimbo yake ya kuvulia, akaenda kwenye bwawa nje kidogo ya mji, akarudi mchana na uso uliokunjuka. Samaki alileta mara chache. Miaka yote hiyo mkewe hakuwahi kumuuliza anafanya nini huko; alidhani anakwenda kulala. Ila mwaka ule binti yao wa mwisho alihamia chuoni, nyumba ikapwaya, na Jumamosi moja fundi alijikuta akilisimulia jokofu habari za mteja mkorofi. Jokofu halikujibu, na yeye akaendelea kusimulia. Mumewe aliporudi na kukaa kula, fundi alimwambia kwamba wiki ijayo watakwenda wote.

Mume alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji, kisha akasema, "Karibu." Akaongeza kwamba angependa kumsaidia kuchagua fimbo, maana yeye havui kwa minyoo. Anavua kwa chambo bandia, vidude vya plastiki na bati vyenye umbo la samaki wadogo, na vidude hivyo havina uzito wa kitu. Vinataka fimbo nyepesi.

"Mwenzangu," fundi akamkatiza, "mimi kupima ndiyo kazi yangu. Fimbo nitachagua mwenyewe."

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa mitaa mitatu kutoka kwake. Muuzaji alikuwa mteja wake, mtu mnene mwenye macho mabovu, ambaye mwaka uliotangulia alitaka fremu ya rangi ya dhahabu akatoka, kwa amri ya fundi, na fremu ya kahawia. Alimuuliza maswali ya maana. Atavua wapi? Atasimama ukingoni au atakaa kwenye mtumbwi? Atatumia chambo cha uzito gani? Fundi alijibu bila kujua anajibu nini, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kona ya duka. Pale ilisimama fimbo nyekundu, inang'aa kama gari jipya, nene kama mpini wa jembe, ndefu kumzidi mumewe na nusu ya mumewe. Aliishika. Ilikuwa nzito, na uzito ule aliuchukua kuwa dalili ya ubora.

Muuzaji alimwonyesha nyingine, nyembamba, ya rangi ya majivu, ya vipande viwili, nyepesi kiasi kwamba alipomwekea kiganjani fundi alidhani bado hajapewa. Akamwelekeza kwenye maandishi madogo yaliyo juu ya mpini. Fundi, ambaye riziki yake yote ni kuwasomesha watu herufi ndogo ukutani, hakuyasoma. Alisema hiyo ni antena ya redio.

"Fundi, hii nyekundu ni ya baharini," muuzaji akasema. "Ni ya samaki wanaovutwa na watu wawili."

"Nifungie."

Akaifunga. Baadaye fundi alikumbuka kwamba aliifunga polepole sana, na kwamba midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtu anayezuia chafya.

Jumamosi, bwawani, mumewe alilitazama lile dude, akafungua mdomo, akaufunga. Yeye ni mtu wa namna hiyo. Alimfungia chambo, samaki wa bati wa gramu nne, akamwonyesha jinsi ya kuachia mshipi kwa kidole, akajisogeza kando hatua kumi. Fundi akainua fimbo kwa mikono miwili, akaizungusha kwa nguvu za mtu anayepasua kuni, akatazama mbali majini kuona chambo kimetua wapi. Kilikuwa kimetua kwenye kiatu chake. Mara ya pili kilikwenda nyuma. Mara ya tatu kilibaki kinaning'inia palepale kwenye ncha, kikimtazama.

Fimbo hutupa chambo kwa kupinda na kunyooka, na ile nyekundu haikuona sababu ya kupinda kwa ajili ya gramu nne. Kufikia mara ya kumi na tano bega lilikuwa linawaka moto, na pembeni mumewe alikuwa akitupa kwa kifundo cha mkono tu, bila hata kusogeza kiwiko, na kidude chake kikiruka mbali kama mbegu ya chungwa iliyotemwa na mtaalamu.

Mwishowe alimkaribia, akampa fimbo yake. Fundi akatupa. Chambo kikaenda. Akaanza kuvuta, na hapo akanyamaza, jambo ambalo mumewe anasema hakuwahi kuliona mchana kweupe. Alikuwa anasikia kwenye vidole kila kitu: kidude kikitikisa mkia, kikigusa jiwe, kikipita katikati ya majani, kikigonga kitu laini ambacho hakukijua.

"Unasoma chini ya maji kwa vidole," mume alisema. "Fimbo nzito haina macho."

Maneno yale, kuambiwa mtu wa kazi yake, yalimwingia mpaka kwenye mifupa.

Jumatatu alirudi dukani na lile dude begani, akipita uchochoroni ili asionekane. Muuzaji alikubali kubadilisha kabla fundi hajamaliza kueleza. Safari hii fundi alivaa miwani yake ya kazi, akasoma maandishi yote: uzito wa chambo, gramu mbili hadi nane, unene wa mshipi, urefu. Muuzaji akamfundisha kufunga kwanza rili atakayoitumia, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kisha kuiegemeza fimbo juu ya kidole kimoja mbele ya rili, aone kama inatulia au inainamisha ncha. Fimbo inayoinama mbele itamchosha hata kama ni nyepesi. Akamwambia aitazame kwa jicho moja toka mpini hadi ncha, ahakikishe pete zinazopitisha mshipi zimekaa mstari mmoja. Hilo fundi alilipenda mno. Alitazama fimbo saba kwa jicho moja, akazikataa sita kwa makosa ambayo kiwanda hakikujua kwamba kimeyafanya, na baada ya saa nzima muuzaji akaenda kujitafutia kiti. Aliyoichukua ilikuwa ile ile ya rangi ya majivu.

Basi ikawa ndiyo mtoto wa nyumba. Aliifuta kwa kitambaa laini cha kufutia lenzi, ingawa ilikuwa haijagusa maji. Aliishonea mfuko wenye vyumba viwili, kila kipande na chake. Alipiga marufuku ufagio kupita karibu nayo. Siku ya nne alimwita mdogo wake aje kuiona, akamkalisha sebuleni na kikombe cha chai, akaiunga fimbo, na kumweleza kwa kirefu kwamba watu wengi hawajui kutupa, wanatumia bega, kumbe siri yote iko kwenye kifundo cha mkono, hivi.

Kulikuwa na joto, na feni ya dari ilikuwa inazunguka.

Kilisikika kishindo kidogo tu, kama njiti ya kibiriti imevunjika. Kipande chenye urefu wa kidole, pamoja na pete yake, kikaruka na kutua kwenye chai ya mdogo wake. Mdogo wake akakitoa kwa kijiko, akakitazama kwa heshima, akauliza, "Dada, hiki ndicho chambo?"

Fundi hakumwambia mumewe. Kesho yake aliipeleka fimbo kazini ikiwa imevikwa mfuko, akafunga mlango nusu saa kabla ya muda, akakaa chini ya taa. Alikipasha moto kile kipande kwa uangalifu mpaka gundi ikalainika, akaichomoa pete. Ncha ya fimbo, pale ilipovunjika, aliilainisha kwa tupa ndogo ya kusugulia fremu, akaipaka gundi, akaivisha pete upya, akafunga jicho moja na kuinyoosha pete hiyo iwe mstari mmoja na nyingine. Kazi ilikuwa safi kabisa. Fimbo ilikuwa fupi kwa kidole kimoja na ngumu kidogo kwenye ncha, lakini aliamini kwamba hakuna binadamu atakayejua.

Mumewe alijua Jumamosi ile ile, kabla hawajafika majini. Walikaa kwanza kunywa maji. Kisha akamwambia kwamba fimbo yake ya kwanza ilivunjwa na mlango wa gari la wagonjwa, na ya pili ilivunjwa na mlango ule ule, upande ule ule, mwezi mmoja baadaye.

"Sijawahi kuona fimbo iliyovunjwa na samaki," alisema. "Ya kwako imevunjwa na nani?"

"Feni."

Alicheka mpaka akalazimika kuegemea mti. Fundi alimwacha acheke, kisha, kwa sababu naye ni binadamu, aliomba kuikagua fimbo ya mumewe. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha ndani ya kila pete polepole. Kwenye pete ya tatu pamba ikanasa. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akamwita aone: ufa mwembamba kuliko unywele, wenye makali ya wembe. Kwa miaka miwili mumewe alikuwa akipoteza samaki kwa mshipi kukatika, akiwalaumu watengenezaji wa mshipi, na mara moja kuwalaumu mamba, katika bwawa ambalo halina mamba. Sasa akasimama akiitazama ile pete kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mwizi, na mwizi ni shemeji yake.

Ilibidi pete ile ibadilishwe, na kazi hiyo ilifanyika chini ya taa ya fundi, mume akishika, mke akiamrisha. Tangu hapo wakawa na utaratibu. Wakirudi, fimbo zote mbili zinaoshwa kwa maji safi, zinafutwa, zinakauka kabla ya kuingia mfukoni. Haziachwi garini kwenye jua. Ndoana hainasishwi kwenye pete. Na kabla ya fimbo kuungwa ndani ya nyumba, mmoja wao hutazama juu.

Samaki wake wa kwanza fundi alimpata wiki ya tisa. Alidhani amenasa jani, akaanza kulilaumu, na jani likakimbia kwenda kushoto. Ile fimbo fupi ikapinda mpaka mpini, mshipi ukaimba, na yeye akasahau yote aliyofundishwa akawa anarudi nyuma kwa miguu badala ya kukunja rili, mpaka mumewe akamshika mgongoni asianguke kichakani. Samaki alipofika nchi kavu alikuwa sawa na kiganja. Fundi alimnyanyua juu kwa mikono miwili, ili mumewe apige picha.

Kwa miezi kadhaa aliwaambia watu kwamba alimrudisha majini kwa huruma, kwa kuwa alikuwa mdogo. Siku hizi husema ukweli. Samaki alimteleza mikononi, akaruka juu ya kiatu, akatumbukia, na picha inaonyesha mwanamke aliyefungua mdomo, ameshika hewa.