Wakwe Waliokuja kwa Baiskeli

Tangazo lile bado linarushwa redioni. Ni sauti yangu mwenyewe, nzito na ya taratibu, kama ya padri anayebariki nyumba: "Mtu wa heshima hutambuliwa kwa akili zake, si kwa gari lake. Ndugu mkaaji wa Kamina, panda baiskeli, tembea kwa miguu, uachie mji wetu hewa safi." Mke wangu hupunguza sauti. Mimi hutoka nje.

Nililiandika nikiwa ndani ya jipu, gari nililopewa kazini. Kazi yangu ni kuandika maneno ya idara moja hapa mjini, na wakati ule tulikuwa tumeagizwa kuwashawishi watu waache magari. Dereva alikuwa ameegesha mbele ya ofisi, injini inanguruma bure ili mimi nipate ubaridi, na moshi unakwenda moja kwa moja kwa mama anayeuza maandazi kando ya ukuta. Alikuwa anafunika beseni lake kwa kitenge. Nilimwona. Nikaendelea kutafuta maneno matamu ya kusifu hewa safi.

Kutoka ofisini hadi kwangu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na tangu nipewe jipu sikuwahi kuutembea. Ndivyo tulivyo sisi wenye vyeo. Magari yetu ni machache, lakini mji mzima unayajua. Tunakwenda misa kwa gari hata kanisa likiwa ng'ambo ya reli tu. Tunawapigia honi wanafunzi na wenye baiskeli hadi watumbukie mtaroni, tunawaachia vumbi mdomoni, kisha tunashuka mbele ya kanisa tukipangusa viatu. Ovyo kabisa! Na mimi nilikuwa mmoja wao, tena mwenye domo kuliko wote.

Kisha binti yangu mkubwa akapata mchumba. Kijana alikuwa mwalimu katika kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa baiskeli kutoka mjini, mpole, asiyependa makuu. Sikuwa na neno naye. Binti yangu alikuwa amekwisha kunieleza waziwazi, mbele ya mama yake, kwamba ni huyo au hakuna. Ikapangwa siku ya ndugu wa kijana kuja kwetu kujitambulisha.

Nilikuwa na ombi moja tu moyoni, nalo naona haya kuliandika: waje na gari. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara alipomwoza binti yake, wakwe walikuja na magari matatu, honi tangu kule konani, wanawake wakatoka kupiga vigelegele. Mwezi mzima hakuwa na habari nyingine. Mimi gari moja lingenitosha, hata bovu. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje, mimi wa redioni?

Walifika Jumamosi mchana. Baiskeli mbili, watu watatu. Mbele alikuwa mjomba wa kijana, mzee wa miaka sitini na kitu, suruali imekunjwa hadi magotini, vumbi hadi kwenye nyusi. Nyuma yake kijana mwenyewe, shati jeupe limekuwa la rangi ya udongo, na shangazi yake ameketi kwenye keria akipakata kuku ndani ya kikapu. Jirani yangu alivuta kiti hadi mlangoni pake ili aone vizuri.

Uso ukanishuka. Nilikuwa barazani, na sikusimama. Hapa kwetu makala, yaani mkaa, huletwa mjini kwa baiskeli kutoka vijijini, magunia yamefungwa hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji. Kila mtu anajua. Basi nikapaza sauti, jirani naye asikie:

— Makala tulisha kununua. Muende ku bengine.

Jirani akacheka. Nitasema ukweli wote: kile kicheko kilinifurahisha. Kilinifurahisha kwa muda wa kumeza mate, na hadi leo nikikikumbuka natamani kutema.

Mjomba aliegemeza baiskeli yake ukutani, taratibu, akakunjua suruali, akavua kofia.

— Hatukuleta makala, papa. Tunakuya juu ya binti. Parokia ilitupatia motokari, ilikuwa tayari, hata mafuta ya essence iko ndani. Mimi njo nilikatala. Nilibaambia: huyu papa tunamusikiaka mu radio kila asubui, anasema muntu wa heshima anapanda kinga. Tukienda na motokari, ataona tunamuzarau.

Saa tatu juu ya kinga, ndiyo baiskeli. Mzee mzima, na mwanamke juu ya keria, katika mchanga ule ambao lazima ushuke usukume, ili kunipa mimi heshima. Na mimi, niliyezoea kunena mji mzima ukisikiliza, nikaita maji badala ya kuomba radhi. Mjomba akanywa, akashukuru, akasema jua linakwenda na njia ni ndefu. Kwetu wakwe wakiondoka bila kuketi, shauri limevunjika. Kijana alitazama pazia la mlango, ambako binti yangu alikuwa amesimama na amesikia kila kitu, kisha akageuza baiskeli yake.

Binti yangu hakulia. Alipika, aliniandalia meza, alinipa maji ya kunawa. Ila hakuniita tena papa, na mama yake hakumkemea.

Baada ya wiki mbili nilishindwa kuvumilia. Baba wa msichana hafuati wakwe kwao, lakini mimi nilikwenda, na nikamchukua binti yangu ili mjomba akimwona apate kulainika. Na sasa tazameni upuuzi wa mtu: nilikwenda na jipu. Niliwaza kuazima baiskeli. Nikawaza watu pale kwenye reli wakiniona nimekunja suruali, nikamwaza jirani na kiti chake, nikamwita dereva. Njiani tukazama mchangani. Waliotutoa ni wanaume watatu waliokuwa wanapeleka makala mjini. Walilaza baiskeli zao na mizigo yao, wakasukuma, na magurudumu yakawamwagia mchanga usoni. Nilipunga mkono dirishani. Sikushuka.

Mjomba alitupokea uani kwake. Alitupatia viti, mimi niliyemnyima chake. Shangazi akaleta maji. Kijana alisimama kando, anamtazama binti yangu, anaogopa kutabasamu. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga vizuri, kuhusu jua kali la siku ile na mtu kuchoka kwa kazi. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akalitazama jipu, ambalo dereva hakuwa amelizima, na moshi wake ulikuwa unaingia jikoni kwao.

— Na kinga yako, papa, iko wapi?

— Mupira ilipasuka, nikasema.

Neno lilitoka haraka hivyo, laini, kwa sauti ile ile ya redioni. Sijawahi kuwa na baiskeli maishani mwangu. Binti yangu alikuwa ameketi karibu nami, mikono juu ya magoti. Hakuinua sauti.

— Papa hana na kinga. Hakukuwaka nayo hata siku moja.

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Mjomba alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja mgeni wake amalize kuingia.

— Aya. Sasa tumesikia neno ya kweli. Tunaweza kuanza.

Akainuka, akakishika kiti chake, akakigeuza kumwelekea binti yangu, akaketi. Akamwuliza kama anamtaka kijana, na binti yangu akajibu. Mazungumzo yote ya ndoa ile niliyasikia nikiwa nyuma ya mgongo wa mjomba.