Jirani yangu Muingereza kaniletea karatasi nisaini wakimbizi wasiletwe mtaani kwetu London

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa kooni. Nitalieleza lilivyotokea, bila kutia chumvi na bila kujifanya shujaa. Anayetaka picha za Ulaya ya magari na bata, uzi huu utamchosha.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mpemba, dereva wa basi hapa London. Naishi upande wa Croydon na mke wangu Zuwena na binti yetu, yule ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza hata kama unamgombeza.

Jirani yetu wa ukuta mmoja anaitwa Terry. Mzungu, fundi paa mstaafu, mikono kama majembe. Alikuwa na mkewe, Maureen.

Sasa Terry ni mtu wa bendera. Ile nyeupe yenye msalaba mwekundu, ya England. Wengine wanaitoa siku za mpira tu, yake inapepea dirishani mwaka mzima. Kiangazi kile watu walipoanza kuzifunga kwenye nguzo za taa mitaani kuonyesha hawataki wageni, ngazi iliyotumika mtaani kwetu ilikuwa ya Terry.

Mke wangu akaogopa. Akataka tuhamie Wembley, kwenye watu wetu na maduka yetu.

"Huku iko siku watatutoa na mito yetu," akanambia.

Nikakataa. Mimi nimeendesha basi kwenye mitaa hii mvua na theluji. Nina passport ya hapa, kodi nalipa, mwanangu kazaliwa hapa. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mtaa huu unihesabu na mimi kuwa mtu wake. Niliona nikihama nitakuwa nimewajibu kwamba kweli, mimi ni mgeni.

Na Terry mwenyewe hakuwa mbaya kwangu. Tukikutana uani, mimi na mchicha wangu, yeye na waridi lake, alikuwa ananihubiria. Nchi imejaa, hospitali hazina nafasi, watu wanaingia kwa boti tu. Halafu akiniona nimenyamaza anaongeza: "Sikusemi wewe. Wewe ulikuja kwa njia ya haki."

Wakuu mlioko huku mnaijua hiyo "sikusemi wewe". Mwanzo ni tamu, unajiona umefaulu mtihani. Baadaye unaanza kujiuliza, kama si mimi, basi ni nani?

Mimi nilikuwa nacheka tu, namwagilia mchicha.

Wanawake nao walikuwa na yao. Zuwena akipika futari anampelekea Maureen sahani. Mara ya kwanza Maureen alirudisha sahani imeoshwa inang'aa, tupu. Zuwena akamwelewesha taratibu kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata ukitia ndimu mbili. Maureen aliipenda mno hiyo. Tangu siku hiyo sahani zikawa zinarudi na keki, na matofaa ya mti wao, siku moja na mayai mabichi yanagongana.

Kisha Maureen akafariki. Ghafla, moyo.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu anaweza kulifanya.

Tuna group la WhatsApp la Wapemba wa London. Mimi kwa huzuni nikaandika humo kwamba jirani yangu wa ukuta kafiwa na mkewe, muombeeni subira. Basi. Sikusema waje, wala sikusema wasije.

Na nyie mnajua tanzia ikishaingia kwenye group la watu wetu nini kinatokea. Hakuna anayeuliza marehemu ni wa kabila gani wala dini gani. Kinachoulizwa ni matanga wapi. Na kwangu wote wanapajua.

Jumamosi asubuhi nasikia milango ya magari. Nachungulia, naona kanzu, mabuibui, mikeka, mabirika ya kahawa. Wametoka Wembley, wametoka East London, wamekuja kuhani msiba.

Mbele yao Bi Time, mama yetu mkubwa wa Wembley. Bila yeye Mpemba hazikwi London. Kabla sijavaa viatu keshagonga kwa Terry. Terry kafungua na fulana ya ndani, macho mekundu. Bi Time na Kiingereza chake cha kukata na shoka: "Sorry for your wife. Where is kitchen?"

Akapita. Nyuma yake wenzake wanne na sufuria kubwa la pilau, la Zuwena mwenyewe. Kumbe wameshapanga tangu jana, mimi tu ndiye sijui.

Wanaume wakatandika mikeka kwenye majani mbele ya nyumba, chini ya ile bendera, wakakaa kimya kama inavyotakiwa.

Wakuu, niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Huku mtu akifiwa unampa kadi na unamwachia nafasi yake. Mazishi yanakuja baada ya wiki kadhaa, tena kwa mwaliko. Mimi nilikuwa najua yote hayo.

Sikuwa nimemaliza kuona haya, polisi wakafika. Kuna jirani wa ng'ambo ya barabara kawapigia, kaona watu wa kanzu wamejaa chini ya bendera akadhani wamekuja kumvamia Terry. Wale maaskari wawili wakapita katikati ya mikeka, wakamuuliza Terry kama yuko salama.

Terry alikuwa kasimama mlangoni. Mkononi ana sahani ya pilau, hajui alivyoipata.

Akasema, "Wamekuja kwa ajili ya Maureen." Halafu akanioneshea mimi kidole. "Huyu ni wa hapa. Na hawa ni watu wake."

Askari mmoja akaondoka na sambusa. Terry akakaa chini kwenye mkeka na magoti yake mabovu, akalia mbele ya watu. Mzee mmoja akamshika bega.

Siku ile nilifurahi, sioni aibu kusema. Msiba ni msiba, lakini nilisikia kwa masikio yangu: huyu ni wa hapa. Hata Zuwena aliacha habari za Wembley.

Lile sufuria lilibaki kwa Terry. Wiki zikapita, Zuwena analihitaji. Nikamuuliza kwa utani uani. Akaniambia Maureen alimfundisha kwamba halirudi tupu, na yeye hajui kupika hata yai, kwa hiyo amelikalia tu. Zuwena alipopata habari akasema mwacheni nalo.

Sasa tufike kwenye karatasi.

Kuna hoteli kuukuu karibu na kituo cha tram. Ikasemekana itafungiwa wageni wa kawaida, wawekwe wakimbizi wanaosubiri majibu ya maombi yao. Mtaa ukachemka. Kila kituo nikisimamisha basi nasikia habari hiyo hiyo. Kuna waliosema wanaogopa kwa ajili ya mabinti zao, kuna waliosema hawakuulizwa, na kuna waliosema maneno ambayo hapa siyaandiki.

Jioni moja Terry kagonga kwangu. Kashika ubao wenye karatasi ya saini za kuipinga hoteli.

"Nimeanzia kwako," akasema. "Wewe ni mtu wa mtaa huu."

Karatasi ilikuwa nyeupe. Jina la kwanza lingekuwa langu.

Wakuu, nilichokililia miaka yote ndicho hicho nimeletewa mlangoni, na bei yake ni kalamu. Nikamwomba aniachie hadi kesho.

Maana kuna jambo Terry hakulijua. Mimi nilitoka Pemba kijana, baada ya vurugu za uchaguzi. Heathrow nilishuka na passport isiyo yangu. Nikaomba hifadhi. Nikawekwa kwenye hoteli chakavu mji wa pwani, chumba kimoja na wanaume wengine watatu, na nje kulikuwa na watu wanatupigia kelele turudi kwetu. Lile jengo la uhamiaji hapa Croydon ambalo Terry analipita kila akienda sokoni, mimi nilikuwa naripoti pale, napanga foleni, sijui kama leo nitatoka au watanizuia.

Hiyo ndiyo njia yangu ya haki.

Nikaliuliza group. Nilidhani watanambia usisaini. Wapi! Nusu yao wakasema saini. Bi Time katuma sauti ndefu: "Sie tulikuwa na shida ya kweli bwana. Hawa wa sasa wanafata benefit za serikali tu, wanatuharibia jina."

Nikamjibu, "Bi Time, hayo ndiyo waliyotusemea sisi." Akanambia nisimvunjie heshima.

Msinielewe vibaya. Mtu kusema wageni wamekuwa wengi, nyumba hazitoshi, si lazima awe na chuki. Nyumba kweli hazitoshi, nami naona kwenye basi langu. Hata sisi tukishaingia ndani tunaurudisha mlango nyuma yetu, tena kwa nguvu kuliko wenyeji.

Zuwena aliniogopesha zaidi. "Ukimwambia ukweli atawaambia wenziwe. Nnakwambia, hapa hapakaliki tena."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi pia niliogopa, usingizi sikuupata.

Kesho yake nikamrudishia Terry karatasi yake bila saini. Nikamweleza yote, passport, hoteli, jengo la Croydon, tumesimama uani na ukuta katikati. Nikamalizia, "Terry, ukisema wale, unanisema mimi."

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu bandia. Akauliza swali moja: "Maureen alijua?"

Nikasema ndiyo. Zuwena alimhadithia zamani.

Akageuka akaingia ndani.

Baada ya siku chache nafungua mlango naenda kazini, naona sufuria kizingitini. Limesuguliwa safi. Ndani hakuna kitu.

Mtu mwingine ataona ni sufuria tu limerudishwa. Sisi tulielewa, na yeye alijua kwamba tutaelewa. Niliumia kuliko maneno yote niliyowahi kutupiwa ndani ya basi. Nikamwambia Zuwena, haya, tafuta nyumba Wembley.

Yeye ndiye aliyekataa safari hii. Aliliangalia lile sufuria, akaliingiza jikoni, akaroweka mchele.

"Huyu mtu hana mke wa kumpikia," akasema. "Na mie sijagombana na Maureen."

Likajaa pilau. Akanipa nipeleke. Nikalipeleka, mtu mzima na sufuria la moto mbele ya nyumba yenye bendera.

Terry alifungua. Akaangalia sufuria. Nikadhani atanifungia.

Akasema, "Pale hotelini, chakula kilikuwaje?"

Nikamwambia kibaya. Viazi vya kuchemsha kila siku, havina chumvi, mpaka leo nikiviona natetemeka.

Akapisha mlango nikaingia.

Tulikaa jikoni kwake. Aliuliza mengi na nilimjibu yote. Hakuomba radhi, na mimi sikuomba. Karatasi alishaipeleka council na majina mengi, jina langu halimo, na hilo alinambia usoni. Hoteli yenyewe mpaka naandika haijulikani kama itachukuliwa. Bendera bado iko dirishani. Ila siku hizi uani akianza nchi imejaa, anasita, na ile "sikusemi wewe" sijaisikia tena.

Nilichojifunza ni kidogo. Kukubaliwa na watu kwa sababu wamekuona tofauti na wenzio ni kama kupangishwa chumba bila mkataba, siku yoyote unatolewa. Bora wakujue ulivyo, kisha waamue. Na wengine wataamua vibaya, hilo pia nimelikubali.

Wadau mlioko huku, na nyie wa nyumbani ambako wageni pia wanakuja na tunawasema, ungekuwa wewe ungesaini? Semeni kweli tu, sitamgombeza mtu. Hata Bi Time tumeshapatana.

Ah, nilisahau. Sufuria limerudi juzi, Terry kalileta mwenyewe, kalishika kwa taulo kwa kuwa lilikuwa la moto. Kapika kwa mkono wake, mara ya kwanza tangu Maureen aondoke.

Viazi vya kuchemsha. Havina chumvi.

Tumekula vyote.