Mto Uliokuja Bila Mvua

Kila siku saa nne asubuhi mama alikuwa akinipigia simu, nami nikizima mashine ya kunyolea. Wateja wangu hapa Soweto East, Kibera, walishazoea kuachwa na kichwa nusu.

"Niaje, msee, stima imepotea?" mgeni mmoja aliniuliza.

"Stima iko. Ni mathe. Nyamaza kidogo."

Kwetu, karibu na ziwa, karatasi haitiwi sahihi mpaka kifungua mimba aliye Nairobi atoe neno, hata kama hajui lolote. Watu wa mtambo wa umeme wa maji walipofika na karatasi zao, mama alinipigia. Aliuliza jambo moja tu: na mto je? Nikajibu, kwa kiburi cha mtu mwenye soketi ukutani, kwamba stima ni maendeleo na mto hauendi popote. Akaweka kidole gumba.

Leo nyaya zinapita juu ya paa lake, naye bado anawasha koroboi. Mto wenyewe umepata tabia za mzimu. Asubuhi hukauka hadi mawe yakaonekana, kisha, bila wingu hata moja, maji hushuka yote kwa mkupuo wakifungulia lango la bwawa huko juu. Hawapigi hata kengele. Na shamba la mama liko ng'ambo, naye huvuka na mbuzi wake.

Ndiyo maana kila asubuhi alinipigia akiwa ukingoni. "Wewe ndiye uliyesema," aliniambia. "Basi sema tena." Aliielekeza simu mtoni, nami nikasikiliza. Zamani ningeusikia mto kabla ya salamu. Sasa nilisikia kimya tu, kimya kama cha mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Nivuke?"

"Vuka, mama."

Jumanne iliyopita nilisema hivyo, na papo hapo kitu kikanguruma ndani ya simu. Nilipiga kelele hadi mteja akaruka kitini. Nikamwita, nikamwita. Mwishowe nikasikia pumzi zake.

"Nimesimama tu," alisema. "Mbuzi ndiye aliyetangulia."

Nililia mbele ya wateja, wala sikuona haya.

Jana saa nne simu haikulia. Nikampigia mimi. Alikuwa amekaa nyumbani. Ng'ambo haendi tena, alisema, mahindi na yaliwe na ngedere. Akaniuliza kama huku kwangu taa zinawaka.

"Zinawaka, mama."