Siku Tulipotolewa Mahakamani Watu Kumi na Saba

Mara ya kwanza binti wa marehemu dada yangu aliposimama kizimbani, tulikwenda kumsindikiza watu tisa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alitakiwa aeleze alichofanyiwa na fundi mmoja, jirani yetu. Akaulizwa jina, akanyamaza. Akaulizwa tena, akatazama vidole vya miguu. Hakimu akaahirisha. Nje, wakili wa serikali, dada mmoja mpole, akaniambia mtoto asipozungumza safari ijayo, kesi itakufa.

Mimi nauza vitenge Tunduma, na akili yangu ni ya sokoni: mzigo ukiwashinda watu tisa, ongeza watu. Kwetu mtu hapelekwi hata kung'olewa jino peke yake, sembuse mahakamani. Nikakusanya safu yetu yote ya wauza vitenge pamoja na muuza chumvi ya Ivuna. Shangazi akaja na Hiace ya alfajiri kutoka Itumba. Nilihesabu watu mlangoni, nikarudia tulipokaa: kumi na saba. Ndugu wa fundi walikosa benchi. Nikaona tumeshashinda.

Wakili wa serikali akageuka, akatutazama mstari kwa mstari, kisha akaomba shahidi asikilizwe faragha. Hakimu akakubali.

"Wasikilizaji wote, nje."

Nikasimama. "Mheshimiwa, tubaki basi sita."

"Mama, nje."

"Watatu, mheshimiwa. Nimeshashuka nusu."

Karani akajificha nyuma ya faili kucheka. Hakimu hakucheka, ila alimgeukia mtoto, akamuuliza angependa nani abaki naye. Nikaanza kujiweka sawa kitenge. Mtoto akamnyooshea kidole afisa ustawi wa jamii, mwanamke aliyemfahamu kwa wiki mbili tu. Mimi nimemlea miaka minane.

Nilitoka nimevimba kama andazi.

Nje, mlango ukafungwa, madirisha yakafungwa. Muuza chumvi akanyata hadi ukutani, akatega sikio.

"Bamayo, mama wewe, toka hapo!" shangazi akamkemea. "Umefukuzwa mlangoni, unarudi dirishani?"

"Nasikiliza kama ameanza tu. Maneno yenyewe siyataki."

"Haya, ameanza?"

"Nyamazeni nisikie."

Tukanyamaza wote, kitu ambacho safu yetu haijawahi kufanya. Niseme ukweli, na mimi nilisogea pale ukutani, mara mbili. Maneno hayakusikika. Kilichosikika ni sauti yake, nyembamba, ikiendelea. Inasimama, tunashika vifua, inaendelea tena. Muuza chumvi akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akaanza kusali kwa Kinamwanga.

Mlango ulipofunguliwa, mtoto alitoka ameshikwa mkono na yule afisa. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini aliuelekeza mbele.

"Nimemaliza," akasema. "Kuna chapati?"

Wanawake wakakimbilia vikapu. Nikamvuta pembeni. Nilijua si wakati wake, lakini roho iligoma kunyamaza.

"Mbona hukunichagua mimi?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Mama mdogo, wewe unaanza kulia kabla sijasema. Halafu naacha, nisikuumize."

Nikaenda kumletea chapati. Hadi leo sijui alisema nini mle ndani, na sijamuuliza. Fundi alifungwa. Mtoto yuko kidato cha pili, na siku hizi anaongea mpaka tunamwomba apumzike.