Ami Yangu Alijua Bibi Yetu Ni Nani

Admin, nifichie jina, maana nusu ya ukoo wetu wanaufuata ukurasa huu. Nna miaka thelathini na sita, mwalimu, nnakaa Al Amerat, huku Maskati, na wazee wangu. Sijaolewa, na sababu ni ami yangu, kaka mkubwa wa baba.

Miaka mitano nyuma aliniposa mwalimu mwenzangu, mtu wa heshima zake. Ami akamuuliza babu zake, kisha akamwambia mbele ya baba mzazi wa huyo mwalimu, "Nyie hamna asili. Sisi hatuchanganyi damu." Baba yangu akanyamaza, kama kawaida yake. Yule mtu kaoa kwengine.

Mwaka huu ami kataka shajara, mti wa ukoo wetu, aitundike kwenye majlisi yake anapopokea wageni. Kwa kuwa mimi nnasoma hati za zamani, akanituma Unguja nikatafute jina la mama wa babu yake, maana pale pana pengo. Wiki mbili nafunua daftari za ndoa za kadhi, za karne ya kumi na tisa, mpaka nikampata. Mume ni jeddi yetu hasa, baba wa huyo babu yake ami. Mke kaandikwa: Zafarani, mtumwa aliyeachwa huru, Mnyasa.

Nikarudi Maskati nikampa nakala, nikidhani atashtuka. Akaikunja tu akatia mfukoni. "Kama alikuwa mjakazi nnajua tangu babangu yuhai. Nilitaka jina. Hayo mengine yafute, muandike binti wa sheikh yeyote."

"Na yule uliyemfukuza kwa ajili ya asili?"

"Yale yashapita. Watu hawajui."

Alijua. Miaka yote watu wanambusu mkono, anajifukiza udi na kupima damu za wenzake, na kumbe ni muongo mzee aliyefunga kilemba cha ghali. Zafarani simuonei haya hata kidogo. Haya nnaona kuitwa kwa jina moja na ami.

Sasa mdogo wangu kapata mchumba, wakwe wanakuja Ijumaa, na ami keshaanza kuulizia babu zao. Nakala ya pili nnayo. Mama ananiambia, "Mwanangu, tustiri. Wakwe nao wakiwa kama ami yako, utamkosesha mdogo wako mume." Baba, kwa mara ya kwanza, kasema, "Fanya unavyoona," lakini hakunitazama.

Ami akifungua mdomo Ijumaa, niisome ile karatasi mbele ya wageni, au nimwache amfanyie mdogo wangu aliyonifanyia mimi? Nipeni shauri, mimi peke yangu nimeshindwa.